JINA MOJA, KARTE MBILI
Namna ya kuchagua karte ya picha kwa ordinatere yetu ya kwanza



Mnajua kwamba sisi wa mwaka wa sita tumeamua kuacha zawadi hapa shuleni mbele ya kwenda kwenye Egzamini ya Serikali. Zawadi yenyewe ni ordinatere moja, ya kuunganisha sisi wenyewe kipande kwa kipande, si ile inayouzwa imekwisha kufungwa. Sanduku liko. Karte mama iko, na prosesa yake. Kumbukumbu ya jiga 16 iko. Kinachobaki ni karte ya picha, na hapo ndipo maneno yamekuwa mingi. Wamoja wanasema: "Nunueni RTX 3050, basi." Wengine wanauliza: "RTX 3050 gani?" Wale wa kwanza wanacheka, wakifikiri wenzao wanataka tu kuonyesha akili. Lakini swali la wale wa pili ndilo swali lenyewe. Komite ya mchango imeniomba nilieleze katika gazeti letu, ili kila mtu aliyetoa makuta ajue yanakwenda wapi.

Kwa kipande hiki tuko na dolari 180. Si pesa ya kuchezea. Katika nyumba nyingi pesa kama hiyo ni minervali ya watoto. Tena kitu kinachonunuliwa mbali, kwa mkono wa mtu anayesafiri, hakirudishwi dukani kesho yake. Basi tufikiri sasa, makuta yakiwa bado mfukoni.

1. KARTE YA PICHA NI NINI?

Ni kipande cha ordinatere kinachochora kila kitu unachoona kwenye ekrani. Prosesa ni kama mwalimu mmoja mwenye akili, anayefanya hesabu ngumu moja kiisha nyingine. Karte ya picha ni kama darasa zima la watoto, kila mmoja na hesabu ndogo, wote wakiandika kwa mara moja. Kazi ya kuchora picha ni hesabu ndogondogo mamilioni, kwa hiyo darasa linamshinda mwalimu.

Je, kila ordinatere inahitaji karte ya kununua mbali? Hapana. Prosesa nyingi ziko na mchoraji mdogo ndani yao. Kwa kuandika barua, kwa kupiga gazeti hili, kwa kuhesabu pointi za wanafunzi, huyo mdogo anatosha kabisa. Lakini angalia herufi ya mwisho ya jina. Intel Core i5-12400 iko na mchoraji ndani, i5-12400F haina. Kwa AMD ni kinyume: Ryzen 5 5600G iko naye, Ryzen 5 5600 haina. Herufi moja tu, na ekrani yako inabaki nyeusi. Prosesa yetu, ambayo tulipewa, ni ya aina isiyo na mchoraji. Kwa hiyo sisi hatuna njia ingine: karte inatakiwa.

Na kazi yetu si kuandika peke yake. Wenzetu wa ufundi wanataka kuchora mapango ya nyumba na kujifunza Blender. Kwaya inataka kukata na kuunganisha filmu zake. Kazi hizo zinakula karte.

2. VITU VINNE VYA KUULIZA

Jina la karte ni kama jina la ukoo. Ndugu wawili wanaweza kuitwa jina moja, na mmoja akabeba gunia, mwingine akabeba kikapu. Ili kuwajua, uliza vitu vinne. Nitavieleza kwa mfano wa watu wanaojenga nyumba na kutumia maji.

a) Wafanyakazi ni wangapi? Hao ndio wale watoto wa darasa niliosema. NVIDIA inawaita CUDA. Namba yao iko katika karatasi ya karte: 896, 2304, 3584, na kadhalika. Ukilinganisha karte za ukoo mmoja, wafanyakazi wengi wanamaliza mbele.

b) Pipa ni kubwa namna gani? Hiyo ni kumbukumbu ya karte yenyewe, inayohesabiwa kwa jiga: 2, 4, 6, 8, 12, 16. Ndiyo wauzaji wanaandika kwa herufi kubwa juu ya katoni.

c) Robine ni pana namna gani? Maji yanaweza kuwa mingi katika pipa, lakini kama robine ni nyembamba, wafanyakazi wanasimama kungojea. Upana wa robine unatokana na vitu viwili: upana wa njia (biti 64, 96, 128, 192) na aina ya kumbukumbu (DDR4, GDDR5, GDDR6). Viwili hivyo pamoja ndivyo vinavyoonyesha jiga ngapi zinapita kwa segonda moja. Namba hii haiandikwi juu ya katoni, na mara nyingi ndiyo inayotenganisha ndugu wawili.

d) Inakula umeme kiasi gani? Wati ngapi, na je, inaomba kamba yake ya umeme au inaridhika na ile inayopita katika karte mama? Mlango wa karte mama unatoa wati 75, si zaidi. Karte inayopita hapo sharti ipate kamba kutoka kisanduku cha umeme.

3. MIFANO YA NDUGU WASIOFANANA

Sasa tuone kwa namba za kweli, ili mtu asiseme natunga.

Mfano wa kwanza: GT 1030. Ilitoka mwaka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka ingine, jina lilelile, pipa lilelile la jiga 2, wafanyakazi walewale 384, lakini kumbukumbu ni DDR4. Ya kwanza inapitisha jiga 48 kwa segonda. Ya pili inapitisha 16,8. Robine imekuwa karibu theluthi moja tu! Mtu akisoma "GT 1030, 2 GB" kwenye katoni mbili, atafikiri ni kitu kimoja. Si kimoja.

Mfano wa pili: GTX 1060 ya mwaka 2016. Moja ya jiga 6, ingine ya jiga 3. Unafikiri tofauti ni pipa tu? Ile ya jiga 6 iko na wafanyakazi 1280. Ile ya jiga 3 iko na 1152. Walipunguza pipa, kiisha wakapunguza na watu, bila kubadili jina.

Mfano wa tatu: RTX 3060. Ile ya Februari 2021 iko na pipa la jiga 12 na robine ya jiga 360 kwa segonda. Mwisho wa mwaka 2022 ikatoka ya jiga 8: wafanyakazi walewale 3584, lakini robine imeshuka mpaka 240. Hapo mtu anayesema "mimi sihitaji jiga 12, nane zinanitosha" anadanganyika, kwa sababu hakupoteza pipa tu, alipoteza na robine.

Mfano wa nne ni wa namna ingine: RTX 4060 Ti ya mwaka 2023. Ya jiga 8 ilitangazwa kwa dolari 399, ya jiga 16 kwa dolari 499. Wafanyakazi ni walewale 4352, robine ni ileile ya 288. Dolari 100 zote ni za pipa. Je, ni vizuri kulipa? Inategemea kazi yako. Kama kazi inaingia katika jiga 8, nane zingine zinakaa bure, kama pipa la pili tupu uani. Lakini kazi ikimwagika nje ya pipa, karte inakwenda kuchota katika kumbukumbu ya ordinatere, safari ndefu, na kila kitu kinaanza kukwamakwama. Anayechora filmu kubwa kwa Blender atafurahia jiga 16. Anayechora pango la nyumba ya vyumba vitatu hataona tofauti.

Hata wenye kutengeneza wamekwisha kuona aibu ya mchezo huu. Septemba 2022 NVIDIA ilitangaza karte mbili za jina RTX 4080, moja ya jiga 16 na wafanyakazi 9728, ingine ya jiga 12 na wafanyakazi 7680. Watu wakapiga kelele kwamba hiyo ya pili si 4080. Mwezi uliofuata kampuni ikaiondoa, na Januari 2023 ikaiuza kwa jina RTX 4070 Ti. Ona basi: karte haikubadilika, ni jina lililobadilika. Hiyo inatuonyesha kwamba jina ni kitu cha kuuzia, na namba ndiyo kitu chenyewe.

4. MAJINA YA WATENGENEZAJI, TAA, NA HERUFI "OC"

Kuna fujo ingine. Mtu anatafuta RTX 3060, anakuta ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Palit. Ni nani mwenye karte? Sikia: NVIDIA na AMD wanatoa moyo wa karte. Kampuni hizo zingine zinachukua moyo ule, zinautia katika mwili wao: vantilateri, chuma cha kupoza, na mfuniko mzuri. Wengine wanaongeza taa za rangi. Moyo ni uleule.

Herufi OC maana yake moyo umeongezwa mbio kidogo. Kidogo namna gani? NVIDIA iliandika megaherzi 1777 kwa RTX 3060. MSI Ventus 2X 12G OC imeandikwa 1807. Tofauti ni 30, haifiki hata 2 kwa 100. Jicho lako haliwezi kuona hiyo. Usilipe dolari 30 juu ya herufi mbili, na juu ya taa usilipe hata moja.

Lakini nisiseme miili yote ni sawa. Vantilateri nzuri zinafanya kelele kidogo na zinadumu. Tena pima urefu! Kuna karte yenye vantilateri moja inayoingia katika sanduku lolote, na kuna ya vantilateri tatu inayopita milimita 300. Sanduku letu tumelipima kwa rula: nafasi ni milimita 250. Karte nzuri isiyoingia ni karte mbaya.

5. KARTE MBILI ZILIZO MBELE YETU

Sasa tufike kwa shauri letu. Msafiri wetu ametuletea habari ya karte mbili, na bei zao zinakaribiana. Zote zimeandikwa RTX 3050. Moja ni ya jiga 8, imekwisha kutumika. Ingine ni ya jiga 6, mpya katika katoni.

RTX 3050 ya jiga 8 (Januari 2022): wafanyakazi 2560, njia ya biti 128, robine jiga 224 kwa segonda, wati 130, inaomba kamba ya umeme.

RTX 3050 ya jiga 6 (Februari 2024): wafanyakazi 2304, njia ya biti 96, robine jiga 168 kwa segonda, wati 70, nyingi zao haziombi kamba.

Mdogo mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia: "Yaya, nane inapita sita, maneno yamekwisha." Kwa hesabu yuko na haki. Karte ya jiga 8 ina nguvu zaidi, kila mtu anaona: wafanyakazi zaidi, robine pana zaidi, pipa kubwa zaidi. Anayekuwa na umeme wa kutosha nyumbani, na kisanduku kizuri cha umeme, achukue ile ya nane bila kuogopa, kama imepimwa mbele ya macho yake. Tena asikubali hata siku moja kulipa bei ya nane na kupewa sita kwa sababu jina ni moja.

Lakini ordinatere yetu haitakaa katika nyumba ile. Itakaa hapa, na hapa tuko na sababu tatu.

Ya kwanza ni kisanduku chetu cha umeme. Tulikipata kutoka ordinatere ya zamani ya biro, na hakina kamba ya karte. Kuna watu wanaouza vipande vya kugeuza kamba zingine. Mimi sikubali. Kamba nyembamba ikipitisha umeme uliopita kipimo chake, inapata moto, na ordinatere itakaa karibu na kabati la vitabu. Kununua kisanduku kipya ni dolari zingine ambazo hatuna.

Ya pili ni kurani. Mnajua yenyewe inavyokatika. Kwa etide ya mangaribi tunategemea betri za jua. Tufanye hesabu tuliyofundishwa katika fizikia: wati mara saa. Karte ya kwanza ikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa 3, inakula 130 × 3, ni 390. Ya pili inakula 70 × 3, ni 210. Tofauti ni 180. Betri moja ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba 1200 ikiwa imejaa. Basi tofauti hiyo peke yake ni 15 kwa 100 ya betri nzima. Hizo ni taa za darasa. Hatuwezi kuwaachia wadogo wetu zawadi inayowazimia taa.

Ya tatu ni kazi yenyewe. Mapango ya nyumba, filmu ya kwaya ya dakika kumi, masomo ya mwanzo ya Blender: hizo zinaingia katika jiga 6. Zitakwenda polepole kidogo kuliko kwa karte ya nane. Kungojea dakika chache zaidi hakutaua mtu.

Kwa hiyo shauri langu kwa komite ni hili: tuchukue RTX 3050 ya jiga 6, mpya, ya vantilateri moja au mbili, isiyo na mlango wa kamba. Kama haipatikani, ya pili kwa shauri langu ni GTX 1650 ya jiga 4, lakini ile ya GDDR6 iliyotoka mwaka 2020 (robine 192), si ile ya GDDR5 ya mwaka 2019 (robine 128). Mnaona? Hata hapo jina moja, karte mbili.

Na zile GT 1030 na GTX 1060 tuziache, hata kama bei inavuta. NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba ukoo wao wa zamani hautapewa tena programu mpya za kila mara, isipokuwa za usalama mpaka Oktoba 2028. Zawadi ya shule sharti iishi miaka mingi kuliko hiyo.

6. KARATASI YA MSAFIRI

Anayekwenda kununua si lazima awe fundi. Tumpe karatasi, aisome dukani neno kwa neno:

— Soma jina lote, mpaka herufi ya mwisho. "RTX 3050" peke yake haitoshi. Sharti iandikwe 6GB.

— Soma aina ya kumbukumbu: GDDR6. Soma njia: biti 96.

— Angalia ubavu wa karte. Kama kuna mlango wa kamba ya umeme, si yetu.

— Pima urefu: usipite milimita 250.

— Omba iwekwe katika ordinatere ya muuzaji na ifunguliwe programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Inaonyesha wafanyakazi, aina ya kumbukumbu, njia na robine. Linganisha na namba za gazeti hili: 2304, GDDR6, 96, 168.

— Muuzaji akikataa karte kupimwa, mshukuru kwa adabu, uende duka lingine.

Msione hiyo ya kupima ni kumshuku mtu bure. Wako watu waliochukua karte za zamani sana, kama GTS 450 ya mwaka 2010, wakabadili programu iliyo ndani yake, ikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti. Ordinatere yenyewe inadanganyika. Ndiyo sababu watengenezaji wa GPU-Z walitia ndani yake, tangu mwaka 2018, namna ya kutambua karte za uongo. Tena tangu Septemba 2022, wakati Ethereum ilipoacha kutumia karte za picha kwa kazi yake, karte nyingi zilizokimbia usiku na mchana miezi mingi zilimwagika sokoni. Si zote mbaya, lakini ya kutumika isiyopimwa ni bahati nasibu, na makuta ya watu mia si ya bahati nasibu.

7. NENO KWA WOTE

Ndugu zangu, sitaki mtu aondoke hapa akikariri "RTX 3050 ya jiga 6" kama shairi la kuhesabiwa pointi. Mwakani kutakuwa namba zingine. Shikeni maswali: kazi yangu ni gani? Wafanyakazi wangapi, pipa namna gani, robine namna gani, umeme kiasi gani? Inaingia katika sanduku langu? Yule anayeuliza hivyo atachagua vizuri hata karte ambayo haijatengenezwa bado. Na si karte tu. Simu, betri ya jua, hata bati la nyumba, vyote viko na ndugu wawili wa jina moja.

Komite itakutana siku ya posho kiisha mchezo wa mpira, katika darasa la mwaka wa tano. Aliye na neno la kupinga hesabu zangu alete na hesabu zake kwenye karatasi. Tutazisoma mbele ya wote, kiisha tutapiga kura. Msafiri anaondoka siku ya pili.

Wenu katika kazi,

Kapita wa Shule, mwaka wa sita